Daftari la Wiki: Nyanya, Tenga na Barafu

Soko la Darajani, mjini Unguja, lilijengwa mwaka 1904, na mnada wake wa samaki, ambapo dalali hupandisha bei mpaka mnunuzi mmoja abaki na fungu lake, bado huamua mambo kwa kasi kuliko ofisi yoyote ya jirani.

*

Kila msimu wa watalii huulizwa kwa nini hoteli ya Paje au Nungwi ikate kachumbari kwa nyanya zilizovuka bahari kutoka bara, ilhali Unguja ina wakulima wa mboga. Jibu la kwamba mkulima wa kisiwani ni mvivu halistahili hata wino. Sehemu ya sababu imo ardhini, kwani mashariki, ziliko hoteli nyingi, ni maweni, yaani ardhi ya mawe ya matumbawe yenye udongo haba, wakati kinongo, udongo mwekundu wenye kina, hupatikana zaidi magharibi na kati. Sehemu kubwa zaidi imo katika malipo. Hoteli hutaka kiasi kilekile kila siku, masika na kiangazi, kisha hulipa ankara baada ya wiki kadhaa, na mkulima anataka fedha taslimu leo, anunue mbegu, dawa na mafuta ya pampu. Pengo hilo huzibwa na mchuuzi wa kati, anayemlipa mkulima mkononi na kuisubiri hoteli. Kwa hiyo huyo anayeitwa mnyonyaji ndiye benki ya biashara hii, ijapokuwa riba yake haiandikwi popote.

*

Orodha za chakula hupenda kutaja "mboga za shamba la jirani". Haziandiki jirani alilipwa lini.

*

Na tenga je! Nyanya hurundikwa humo kwa mtindo wa lumbesa, yaani kujaza kupita kipimo, za chini zikafika zimekuwa rojo, na hasara yake ikaingizwa katika bei ya za juu, hivyo mlaji hulipia nyanya asizozila.

*

Ndimu zikipanda bei, bei ya urojo, ile supu chachu ya Forodhani, haipandi. Urojo hupungua ukali tu.

*

Umeme wa Unguja huja kwa waya uliolazwa chini ya bahari, na ulipokatika Desemba 2009 kisiwa kilikaa gizani mpaka Machi 2010. Waya mpya ulizinduliwa mwaka 2013. Mazungumzo ya umeme huishia kwenye taa, lakini kwa muuza pweza umeme ni barafu, na barafu ndiyo inayomwezesha kuikataa bei ya kutupa ya saa kumi alasiri.