Maarifa ya Nyumbani: Ufunguo wa Akiba Nao Hutaka Safari

Katika nyumba nyingi za askari na polisi, gari linaponunuliwa huja na funguo mbili. Mmoja huingia mfukoni mwa bwana. Wa pili hutiwa katika bahasha na kufungiwa sandukuni, pamoja na cheti cha ndoa na kitabu cha benki. Nia ni njema, kwani wazee walisema akiba haiozi. Lakini uko ufunguo ambao huharibika kwa sababu ya kuwekwa, nao ni ule wenye rimoti inayotiwa umeme na gari lenyewe.

Na uchukuliwe mfano wa nyumba ya ofisa mwenye BMW kuukuu. Bwana ametumwa kazini mbali, naye kwa haraka ameondoka na ufunguo wake mfukoni. Usiku wa manane mtoto anashikwa na homa kali. Mama anafungua sanduku, anautoa ufunguo wa akiba, anabonyeza. Kimya. Anabonyeza tena na tena, na gari limetulia kama jiwe. Anakata shauri kwamba gari limekufa, naye anaanza kutafuta msaada nyumba kwa nyumba. Jirani mmoja, aliyekuwa dereva wa jeshi kabla ya kustaafu, anatoka na kurunzi yake. “Mama, usihangaike na kitufe,” anasema. “Tia chuma cha ufunguo katika tundu la mlango, ufungue kama unavyofungua kabati.” Mlango unafunguka, injini inawaka mara moja, na mtoto anafikishwa hospitali. Muda uliopotea haukupotezwa na gari. Ulipotezwa na kutojua.

Yafaa basi kila mtu wa nyumbani afahamu kwamba ndani ya ufunguo wa namna hiyo mna watumishi wawili, na kila mmoja ana kazi yake. Wa kwanza ni kidude kidogo kinachobeba namba ya siri. Ufunguo unapotiwa katika swichi ya gari, waya uliozungushwa kandokando ya swichi hukipatia nguvu, nacho huitaja namba yake. Gari likiitambua, injini huruhusiwa kuwaka. Kidude hicho hakitegemei betri hata kidogo. Ndiyo sababu gari la yule mama liliwaka ingawa rimoti ilikuwa imenyamaza.

Mtumishi wa pili ni redio ndogo, ambayo hupeleka amri ya kufunga na kufungua milango kutoka mbali. Huyu ndiye anayekula betri. Katika BMW nyingi za mwisho wa miaka ya 1990 na za miaka ya 2000, na pia katika baadhi ya Range Rover zilizoundwa kuanzia 2002, betri hiyo si ya kutupwa ikiisha. Hujazwa upya wakati ufunguo umo ndani ya swichi na gari linaendeshwa. Umeme huvuka kutoka waya wa gari hadi waya mwembamba ulio ndani ya ufunguo, bila waya hizo mbili kugusana. Jambo hilo liligunduliwa na Michael Faraday huko London mwaka 1831, alipoona kwamba sumaku inayobadilika nguvu huzaa umeme katika waya ulio karibu nayo.

Betri inayotumiwa sana katika funguo hizo huitwa VL2020. Upana wake ni milimita 20, unene milimita 2, na nguvu yake volti 3. Lakini akiba ya umeme iliyomo ni ndogo mno, kiasi cha sehemu moja kwa kumi na moja ya ile ya betri ya kutupwa ya CR2032, ambayo kwa macho hufanana nayo sana. Ni kama kibuyu kando ya mtungi: kibuyu hakidhuru kitu, maadamu kila siku kinapelekwa kisimani. Kikiachwa sandukuni mwaka baada ya mwaka, hukauka. Na betri ya namna hii ikikaa tupu muda mrefu huweza kuharibika isipokee umeme tena.

Dawa yake ni nyepesi na haina gharama. Funguo zote mbili zitumiwe kwa zamu. Watengenezaji wa BMW hushauri kila ufunguo utumike angalau mara mbili kwa mwaka, na ni bora iwe kwa safari ndefu, si kwenda sokoni na kurudi. Bwana na bibi waweza kuagana kwamba ufunguo wa sandukuni utatoka mwezi Januari na mwezi Julai, au kila bwana anapopata likizo, na safari ya kwenda kuwasalimu wazazi iwe ndiyo safari yake.

Hata hivyo, si kila rimoti huchajiwa kwa njia hii. Magari mengi yanayowashwa kwa kubonyeza kitufe yana funguo zenye betri ya kutupwa, ambayo hubadilishwa kwa kufungua kifuniko kidogo. Ziko pia funguo zenye kioo, kama zile zilizotolewa na BMW kuanzia 2015, ambazo huchajiwa kwa waya kama simu. Kwa hiyo kitabu cha gari kisomwe kwanza, ili ijulikane ni ufunguo wa aina gani.

Dalili ya betri kuchoka ni kwamba mwenye gari hulazimika kusogea karibu zaidi kila mwezi. Lakini rimoti ikinyamaza ghafla baada ya watoto kuichezea, huenda betri ni nzima. Kila kitufe kinapobonyezwa, rimoti hutoa namba mpya, na gari huzifuata kwa hesabu. Ikibonyezwa mara nyingi mno mbali na gari, hesabu hupotea. Katika kitabu cha gari mna maelezo ya kuzipatanisha tena, na kazi hiyo huchukua dakika chache tu.

Betri ikiwa imekufa kabisa, aitwe fundi wa kuchomea risasi, kwa kuwa imeunganishwa kwa risasi na ganda la ufunguo mara nyingi limegandishwa kwa gundi. Hapa iko hatari ya kuangaliwa. Fundi asitie CR2032 mahali pa VL2020 kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Betri ya kutupwa haikuumbwa kupokea umeme. Ikilazimishwa huweza kuvimba, kuvuja au kupasuka. Na iwapo rimoti nyingine itanunuliwa, masafa yake ya redio yalingane na ya gari: yaliyoundwa kwa soko la Japani kwa kawaida hutumia megahezi 315, na mengi ya Ulaya megahezi 433.

Betri iliyotolewa isiachwe mezani. Mtoto akimeza betri ya kitufe, koo lake huweza kuungua vibaya kwa muda wa saa mbili, hata kama hasikii maumivu. Asitapishwe, apelekwe hospitali papo hapo.

Mwisho, chuma cha ufunguo nacho kisisahauliwe. Tundu la mlango lisilotumika kwa miaka huota kutu, na siku ya haja hukataa kuzunguka. Mara moja kwa mwezi mlango ufunguliwe kwa chuma, na mama wa nyumbani ndiye aufungue, tena gizani, ili mkono wake uzoee. Pengine kengele ya gari italia; kwa kawaida hunyamaza ufunguo ukizungushwa katika swichi.

Askari hasafishi bunduki siku ya vita. Ufunguo wa akiba nao hautazamwi usiku wa homa. Akiba haiozi, ikiwa mwenyewe huikumbuka.