Siga "Laini" Nimeipa 7 kwa 10, na Bado Siwaambii Mkanunue

Kwa wiki kadhaa sasa swali limekuwa moja tu kwenye komenti: kama napima kahawa, pilau na mutura, mbona nisipime siga? Wengine mmenitumia hadi picha za harusi, bwana harusi na wasimamizi wake wamevalia suti za kubana, kila mmoja ana siga mdomoni ambayo hata haijawashwa. Haya basi, nimepima. Lakini nina maoni mawili yanayovutana na nitayaweka yote mezani mapema. Kwanza, siga niliyoonja ni tamu na imetengenezwa kwa ufundi mkubwa. Pili, neno "laini" linalotumika kuieleza ni neno la kuogopa kuliko ile siga kali yenyewe.

Tuelewane kwanza. Sijalipwa na mtu. Nilinunua siga moja kwa pesa yangu, ikanila zaidi ya chakula changu cha mchana cha wiki nzima. Sijaweka video, na duka silitaji. Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kutangaza tumbaku hapa Kenya. Na hata kama sheria ingelala, najua vizuri kwamba baadhi yenu mnanisoma mkiwa bado na sare ya shule.

Tulichoonja

Ni Macanudo Café, ile saizi inayoitwa Hyde Park, urefu wa inchi tano na nusu. Inatengenezwa Jamhuri ya Dominika, na ni mojawapo ya siga zinazojulikana sana duniani kwa upole wake. Ukiuliza mzoefu yeyote akutajie siga ya mtu anayeanza, jina hili halikosi.

Kwa wageni wa mambo haya: siga si sigara iliyonenepa. Haina karatasi, haina kichujio. Ni majani matupu ya tumbaku kwa tabaka tatu. Ndani kuna majani ya kujaza, hapa yakiwa mchanganyiko wa Dominika na Meksiko. Kisha kuna jani la kuyafunga, ambalo kwa hii linatoka San Andrés, Meksiko. Halafu juu kabisa kuna jani la nje, lile unaloliona na kuligusa kwa midomo. Hilo ndilo linalobeba jina na sehemu kubwa ya bei, kwa sababu lazima liwe zima, nyororo, bila tundu wala doa.

Jani la nje la hii linaitwa Connecticut Shade. Rangi yake ni ya chai ya maziwa, mishipa yake myembamba huioni mpaka uisogeze kwenye mwanga. Weupe huo haukuja kwa bahati. Tangu mwaka 1900 hivi, wakulima wa bonde la mto Connecticut kule Marekani walianza kufunika mashamba yao kwa mahema ya kitambaa chepesi, ili washindane na jani la Sumatra lililokuwa linawateka wateja wao. Chini ya kitambaa jua hupungua, unyevu hubaki, na jani hukua likiwa pana, jembamba na la rangi hafifu. Siku hizi mbegu ya ukoo huo hupandwa sana Ekuado, ambako mawingu yenyewe hufanya kazi ya kitambaa bure.

Sasa, kuna kitu kuhusu mashamba hayo ambacho watu wanaopima siga hawakisemi sana. Kiangazi cha 1944, kijana wa miaka 15 kutoka Atlanta alienda kufanya kazi kwenye shamba la tumbaku huko Simsbury, Connecticut, pamoja na vijana wengine Weusi, ili apate pesa ya chuo. Jina lake Martin Luther King. Kwenye barua alizoandika nyumbani alieleza kwa mshangao jinsi huko kaskazini alivyoweza kuingia kanisani na kula mkahawani bila kutengwa na Wazungu. Wakati wa kurudi, treni ilipofika kusini, aliketishwa nyuma ya pazia kwenye behewa la chakula. Shamba hilo lilikuwa la kina Cullman, ukoo ule ule ambao baadaye mmoja wao, Edgar Cullman, aliiongoza General Cigar, kampuni iliyoifanya Macanudo kuwa jina kubwa Marekani. Kwa hiyo mtu akikuambia siga ni mambo ya mabwanyenye tu, mwambie jani lake limepitia mikono ya watoto wa watu kama sisi.

Ladha, bila maneno mengi

Kabla ya kuwasha, ukiinusa unapata nyasi kavu na harufu ya mbao mpya, kama dukani kwa fundi seremala asubuhi. Mvuto wake ni mwepesi, hewa inapita bila kung'ang'ania.

Theluthi ya kwanza ni malai. Kweli kabisa, kuna kitu kama ule utando wa juu ya maziwa yaliyochemka, na nyuma yake njugu karanga zilizokaangwa bila chumvi. Katikati malai yanapungua, mbao zinaingia, na kunakuja ladha ya mkate uliochomwa pembeni. Pilipili? Kidogo sana puani, kama manga nyeupe iliyopita mbali. Theluthi ya mwisho ndiyo iliyoniangusha. Haibadiliki, na ukiiharakisha inakuwa chungu kama chai iliyosahaulika jikoni. Majivu yake yalikuwa meupe, yakashikamana zaidi ya inchi moja kabla ya kuanguka. Moto uliwaka sawa pande zote, sikuhitaji kurekebisha hata mara moja. Dakika hamsini hivi kwa jumla.

Alama zangu ni hizi. Ufundi 9. Ladha 7. Kina, yaani kama inakupa sababu ya kuendelea kuiwazia, 5. Wastani 7 kwa 10. Ni kama wali mweupe uliopikwa vizuri sana: hauna kosa, ila unangoja mchuzi.

Ningekuwa mpimaji wa kawaida ningemalizia hapo. Tangu jarida la Cigar Aficionado lianze Marekani mwaka 1992, dunia ya siga imezoea alama za juu ya 100, kama mtihani. Siga inapewa 88, nyingine 91, watu wanakimbilia dukani. Sina shida na alama. Shida yangu ni kile ambacho alama hazihesabu.

Laini kwa nani?

Wajuzi wakisema siga ni laini, wanazungumzia ulimi. Wanamaanisha haiumi koo, haina pilipili nyingi, haikulevyi kichwa upesi. Hawajasema chochote kuhusu mapafu yako, mdomo wako au moyo wako. Lakini sisi tusiokuwa wajuzi tunasikia nini? Tunasikia "haina madhara sana." Maziwa laini, sabuni laini, dawa laini ya watoto. Neno limebeba upole wote huo, kisha linabandikwa kwenye tumbaku.

Hebu tuangalie. Taasisi ya kitaifa ya saratani ya Marekani inaeleza kwamba siga moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku sawa na pakiti nzima ya sigara. Utasema wavuta siga hawamezi moshi, wanaucheza mdomoni tu. Ni kweli wengi wao hawaumezi, na hilo linapunguza hatari ya mapafu, ila haliiondoi. Isitoshe, moshi wa siga una alkali zaidi ya ule wa sigara, kwa hiyo nikotini hupenya kupitia ngozi ya mdomoni bila kungoja mapafu. Saratani ya mdomo, ya koo na ya umio hazikuulizi kama ulimeza. Na jani la rangi ya chai ya maziwa linaungua sawa na jani jeusi.

Wala si mimi wa kwanza kuushuku msamiati huu. Mkataba wa Shirika la Afya Duniani wa kudhibiti tumbaku, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, unayataja maneno ya aina hii moja kwa moja, "nyepesi" na "laini" yakiwemo, kama mfano wa maneno yanayoweza kumfanya mnunuzi aamini kwamba bidhaa moja ina madhara kidogo kuliko nyingine. Dunia ilishapigana vita hivi kwenye pakiti za sigara. Kwenye siga neno limebaki limevaa suti, na kwa sababu limevaa suti tunaliheshimu.

Hapa ndipo moyo wa hoja yangu ulipo. Siga kali inajilinda yenyewe. Kijana wa miaka 19 akivuta siga kali ya Nikaragua mara ya kwanza, atakohoa, atatoka jasho, kichwa kitazunguka, na pengine hatarudi tena. Siga laini inamkaribisha. Inampa malai na karanga, inampigia picha nzuri, inamwambia "unaona, si mbaya." Kwa mtu ambaye hajaanza, ulaini ni mlango uliopakwa mafuta bawabani. Tumeona mchezo huu huu kwenye vile vifuko vya nikotini vya ladha ya minti vilivyoenea hapa kwetu, na shisha za matunda kabla yake. Hakuna mtu anayemnasa mgeni kwa uchungu. Unamnasa kwa utamu.

Na kuna upande ambao mvutaji haoni kabisa. Anayechuma jani bichi la tumbaku likiwa na umande hupokea nikotini kupitia ngozi: kichefuchefu, kizunguzungu, kutapika. Kwake hakuna siga laini. Ndiyo maana nilifurahi mwaka 2022 mashirika ya Umoja wa Mataifa, pamoja na serikali yetu, yalipoanza mpango kule Migori wa kusaidia wakulima wa tumbaku kuhamia maharagwe yenye madini mengi ya chuma. Tumbaku ya Migori si ya siga hizi, najua. Lakini mgongo wa mchumaji hausomi lebo.

"Lakini mtu mzima si ajichagulie?"

Ajichagulie, kabisa. Sipendi maoni ya kutishana, wala sitawadanganya kwamba siga hii ina ladha ya tairi lililochomwa. Ndio kosa la wengi wanaotuhubiria: wanasema ni mbaya mdomoni, kijana anaonja, anakuta ni tamu, kisha haamini chochote kingine walichomwambia. Mimi nakuambia ni tamu, na utamu huo ndio unaopaswa kukuamsha usingizini. Chaguo la mtu mzima lina maana tu kama amepewa bei yote, si ile iliyobandikwa kwenye kisanduku peke yake.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenzangu tunaotengeneza kontenti ni dogo. Ukipima siga, sema "ladha yake si kali", usiseme ni laini ukaishia hapo. Usiweke jina la duka. Usiifanye kuwa picha ya mafanikio, kwa sababu kuna dogo wa kidato cha tatu anayekutazama na kuhesabu kwamba kati yake na maisha mazuri kuna siga moja tu. Kuna duka lililoniandikia kunipa kisanduku kizima nikiweka picha tatu. Nilikataa, na nawaomba nanyi mkatae, hata mwezi ukiwa mgumu kiasi gani.

Na kwa mabwana harusi wa Disemba: suti imewakaa poa, mbogi iko sawa, bibi harusi amependeza. Shikeni maua. Hayahitaji kiberiti.

Nipe maoni yako hapo chini, hasa kama hukubaliani nami kuhusu hili neno "laini". Na kama una neno bora la Kiswahili la kueleza ladha ya tumbaku bila kuipamba, lilete. Nitalitumia, na jina lako nitalitaja.