Tarakilishi Haijafa, Tuipime Kwanza!

Tarakilishi ya shule ikikataa kuwaka, wanafunzi husema, "Hiyo imekufa!" Fundi huitwa, naye kabla hata hajaketi hutamka, "Tutaifomati tu." Mimi jambo hili nalipinga katakata. Kufomati ni kufuta yaliyomo katika diski: alama za mitihani, barua za ofisi, na mradi wa KCSE ambao mtahiniwa ameujenga haba na haba kwa miezi. Ni sawa na kubomoa nyumba kwa sababu kufuli limekwama.

Ukweli ni kwamba kutowaka si ugonjwa mmoja. Ikiwa hakuna taa wala feni inayozunguka, mara nyingi shida ni ya stima: soketi, waya, ekstensheni, au kile kisanduku cha umeme kilichomo ndani. Hapo diski ina hatia gani?

Ikiwa feni inavuma lakini skrini ni giza totoro, waya wa skrini uangaliwe kwanza. Kisha tega sikio. Baadhi ya mashine hulia "pii, pii" kuashiria kasoro, na mara nyingi ni kijiti cha RAM kilicholegea au kushika vumbi. Mashine ikishazimwa na kuchomolewa kwenye stima, kijiti hicho hutolewa, meno yake yakasuguliwa taratibu kwa raba safi, kikarudishwa. Wangapi wamelipia dawa hii pesa nyingi!

Kuna nyingine huwaka, kisha ikadai haioni mfumo wa kuiendesha. Hebu tazama, pengine mtu ameacha flashi yake humo na mashine inatafuta pa kuanzia! Na ikiwa Windows huanza kisha ikakwama, ipo hali salama. Katika Windows 7 hubonyezwa F8 mapema. Windows 10 na 11 zikishindwa kuanza mara kadhaa huleta zenyewe ukurasa wa matengenezo. Hayo yakigonga mwamba, diski yaweza kuunganishwa na mashine nyingine ili kazi zinakiliwe. Kufomati kuje mwisho kabisa.

Najua wapo watakaosema, "Wanafunzi wataharibu vitu." Nakubali kwamba kisanduku cha umeme kisifunguliwe na yeyote kati yetu, maana huweza kuhifadhi umeme hata baada ya kuzimwa. Lakini kuangalia waya nako kwahitaji digrii? Katika maabara ya sayansi tunafunzwa kuchunguza kitu kimoja kimoja ndipo tuamue. Mbona tukiingia chumba cha tarakilishi tunayasahau hayo?

Pendekezo langu ni hili: hatua hizi ziandikwe na kubandikwa ukutani, na kila kazi iwe na nakala mahali pengine. Naye fundi akija, aulizwe kabla hajagusa kitu, "Kazi zetu umezinakili wapi?" Akikosa jibu, basi na asubiri.