Gari la Mnunuzi Ajaye

Mjomba wangu alinunua Suzuki Escudo miaka minne iliyopita na mpaka leo hajawahi kulimiliki. Kadi ina jina lake, bima analipa yeye, mafuta anaweka yeye. Lakini mwenye gari ni mtu mwingine, ambaye hatujamwona na hatumjui: yule atakayelinunua baadaye. Kwa ajili yake viti vimevikwa kava juu ya kava. Kwa ajili yake redio iliyokufa haitolewi, kwa sababu "ni ya kiwandani". Na kwa ajili yake madigadi hayakuguswa hata baada ya kufungwa matairi yasiyoenea ndani yake.

Naandika kumpinga huyo mnunuzi. Ametutawala vya kutosha.

Niseme kwanza gari lenyewe linafanya nini. Linabeba dagaa. Kutoka mialo ya upande wa Magu hadi soko la Mwaloni, Kirumba, gunia ndani na gunia juu ya keria. Barabara kuu ya Musoma ni lami, haina shida. Shida ni kile kipande cha kutoka mwaloni kupanda hadi kwenye lami. Ni udongo mweusi wa mbuga, ule ambao kiangazi unapasuka nyufa za kumeza mguu na masika unageuka gundi. Tairi la kawaida la Escudo likipita hapo linajaa tope, linakuwa laini kama andazi, linazunguka bure. Ndiyo maana mjomba alifunga 235/75 za inchi 15, zenye meno. Uamuzi mzuri kabisa. Tairi likawa kubwa, shimo la tairi likabaki lile lile.

Ukikata kona hadi mwisho, tairi la mbele linasugua. Mjomba akajifunza kutokata kona hadi mwisho. Ukipakia mzigo, springi za nyuma zinakaa, na ule ukingo wa ndani wa madigadi, bati lililokunjwa lenye ncha, unashuka juu ya tairi kama kisu cha mkate. Mjomba akajifunza kupakia gunia tisa badala ya kumi na mbili. Mtu mzima, fundi wa maisha yake yote, akajipunguzia kona na kipato ili bati lisiguswe.

"Mjomba," aliniambia (kwetu mjomba na mpwa huitana hivyo hivyo), "gari halikatwi. Ukishalikata umeliua. Nani atalinunua?"

Machi mwaka jana alipakia kumi na moja, maana mama mmoja wa mwaloni alimwomba sana. Kwenye korongo la pili gari likainama upande wa kushoto, bati likaingia ubavuni mwa tairi na kulichana urefu wa kiganja. Ubavu hauzibwi, kila mtu anajua hilo. Tairi la akiba lilikuwa lile dogo la zamani. Walilala pale, mvua ikanyesha usiku kucha, turubai likawa na tundu. Dagaa aliyekwisha kuanikwa kisha akalowa hawi tena mboga ya mtu. Waliuzwa kwa watengenezaji wa chakula cha kuku. Hasara ilikuwa laki sita na ushee, na nusu yake ilikuwa ya yule mama. Mjomba aliporudi nyumbani, kitu cha kwanza alichofanya ni kuzunguka gari akitazama kama rangi imechubuka.

Nilikwenda kumuuliza dalali mmoja pale Igoma: Escudo iliyokatwa madigadi vizuri ungeishusha kiasi gani? Akafikiri, akasema laki tatu. Halafu akacheka: "Lakini hata isipokatwa nitaishusha laki tatu. Nitasema kioo."

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba hili si suala la hesabu. Escudo ya kizazi kile iliacha kutengenezwa katikati ya miaka ya 2000. Limekwisha kuuzwa Japani, likauzwa Dar es Salaam, likauzwa Mwanza. Thamani iliyobaki ndani yake si ya kuuzia, ni ya kubebea. Hata jina lake linatania: escudo ilikuwa fedha ya Wareno, na jirani zetu wa Msumbiji waliitumia hadi mwaka 1980. Tunaendesha noti na tunaogopa kuikunja.

Na tusidanganyane kwamba Watanzania hatukati magari. Nenda Arusha. Kuna karakana zinazochukua Land Cruiser zikalipasua katikati, zikarefusha chesisi, zikaongeza mlango, zikakata paa lote na kuweka jingine linaloinuka ili mgeni asimame amwone simba. Hakuna anayesema gari limeuawa. Linaitwa gari la utalii na linaheshimiwa. Basi kukata si kosa. Kosa, inaonekana, ni kukata kwa ajili ya dagaa. Mgeni wa siku tano Serengeti anastahili gari linalomtosha, ila mama wa mwaloni anayepanda na gunia zake kila wiki anatakiwa alisubiri gari libaki kama lilivyotoka Japani, kwa heshima ya mtu asiyekuwepo.

Au acha Arusha, tazama ziwa hapo chini. Mtumbwi wa asili wa huku una ncha mbele na nyuma. Ilipokuja injini ya kuning'iniza, ncha ya nyuma haikuwa na pa kuifunga. Mafundi wakaikata tezi, wakapachika ubao bapa, injini ikakaa. Sijawahi kumsikia mvuvi hata mmoja akilia kwamba mtumbwi umepoteza uhalisia. Mtumbwi ni chombo cha kazi, na mwenye chombo yupo ndani yake, amelowa.

Sisi tuliosoma tusijitoe. Mwaka huu mtu aliyenizidi cheo alinishauri nibadilishe mada ya tasnifu yangu ya uzamili kwa sababu "haitauzika". Hakusema ni mbaya. Alisema haitauzika. Kwa nani? Kwa mnunuzi ajaye, yule yule wa Escudo. Nina rafiki anayepanga nyumba Buswelu na hajapigilia msumari hata mmoja ukutani kwa miaka mitatu. Picha za harusi yake zimeegemezwa chini, nyuma ya kochi.

Najua kuna wanaokata kwa ajili ya sura. Unawaona mjini jioni, tairi zimetokeza nje ya bodi kiganja kizima, gari halijawahi kukanyaga tope. Hao siwatetei, na sababu si wivu. Madigadi ni sehemu ya gari iliyowekwa kwa ajili ya watu wa nje. Yanazuia jiwe lisimpige bodaboda usoni, na maji machafu yasimwagikie mwenye genge. Ukiyakata kisha ukaacha tairi limechungulia nje, umehamishia gharama ya urembo wako kwa mtu wa pembeni. Anayekata kwa kazi anakata ukingo wa chini na wa ndani unaogusa tairi, anabakiza kifuniko juu, na upana ukizidi anafunga mpira wa kukinga.

Tulikata Julai, mimi na binamu yangu, uani, mjomba akiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki akiwa amegeukia ukuta. Fundi bodi tuliyemwendea kwanza alikataa. Alisema hataki lawama za mzee.

Tulianza kwa kupima, na kupima kulichukua muda mrefu kuliko kukata. Gari likiwa limesimama sakafuni linadanganya, kila kitu kinaonekana kina nafasi. Mwanza mawe hayakosekani. Tulipandisha tairi moja la mbele juu ya jiwe, springi ikajikunja, tukazungusha usukani hadi mwisho, tukachora kwa chaki pale tairi lilipogusa. Tukaongeza vidole viwili. Tukarudia kila kona. Nyuma tulipakia magunia ya mchanga hadi gari likae kama linavyokaa likiwa na dagaa. Kisha tukabandika utepe wa karatasi kufuata mstari.

Madigadi ya mbele ni rahisi. Yamefungwa kwa bolti, ukiharibu unanunua mengine. Tulitoa plastiki ya ndani, tukasogeza waya wa taa ya kona, tukapitisha grainda. Ya nyuma ndiyo yanayotisha, kwa sababu ni mwili wenyewe wa gari: bati la nje na la ndani zimeunganishwa kwenye ukingo ule ule unaotaka kuuondoa. Ukikata juu ya maungio, unafungua mfuko, na tope litaingia humo likae mpaka bati lioze. Kwa hiyo tulikata la nje, la ndani tukalichana vipande kama meno ya kitana, tukavikunja kimoja kimoja hadi vikalala kwenye lile la nje, kisha jirani akaja na mashine yake kuchomelea. Betri tulikuwa tumeichomoa. Bomba la kujazia mafuta linapita nyuma ya bati upande mmoja, hapo tuliweka gunia lililoloweshwa na ndoo ya mchanga pembeni, tukakata taratibu kama tunanyoa mtoto. Baada ya hapo tupa, msasa, na praima siku ile ile. Unyevu wa ziwani hausubiri kesho.

Cheche za kwanza ziliporuka mjomba alisimama. Nilidhani anakuja kutuzuia. Alikwenda kuleta miwani yake ya kuchomelea, akampa binamu yangu, akarudi kuketi.

Hakusema nasi vizuri kwa karibu wiki mbili. Vuli ilipoanza alipakia gunia kumi na mbili, akashuka kwenye lile korongo la pili, akakata kona hadi mwisho. Nilikuwa pembeni yake. Alitega sikio kusikiliza ile sauti ya kusugua, kama mtu anayesubiri simu. Haikuja. Akakata tena upande wa pili, bila sababu yoyote, barabara ilikuwa imenyooka.

Yule mama wa mwaloni bado hajarudishiwa hasara yake yote. Tunamlipa kwa kumbebea bure gunia mbili kila safari, na tumebakiza safari sita.

Juzi nilikuwa stoo nikitafuta jeki. Nyuma ya madebe ya rangi nikakuta vile vipande vya bati tulivyovikata, vyote vinne, vimefutwa, vimepakwa grisi na kufungwa kwenye gazeti. Nikamuuliza mjomba ni vya nini.

"Atakayelinunua," akasema, "anaweza kuvitaka."

Mimi sikujibu. Nilichukua jeki nikatoka.