Tupime Kazi Yetu Kabla ya Kujisifu



Kila mwaka gazeti letu likitoka, ukurasa wa ripoti ya kamati huwa hauna ila sifa. Tunaandika kwamba chekechea imejaa, kwamba darsa la kina mama la Jumamosi linaendelea, kwamba mikeka mipya imenunuliwa na wafadhili wameshukuriwa. Yote hayo ni kweli, alhamdulillahi. Lakini mwaka huu tulipokaa kuiandika ripoti hiyo, mama mmoja aliyemo katika kamati alituuliza swali lililotunyamazisha: mtoto aliyepita mikononi mwetu ana nini ambacho mtoto wa jirani, asiyekuja kwetu, hana? Tukafungua daftari. Mlikuwa na majina, ada na mahudhurio, basi.

Tulijitetea kwamba watu wote waliona siku ya Maulidi jinsi watoto walivyosoma. Yule mama akatukumbusha kwamba waliopanda jukwaani tuliwachagua wenyewe, tena wiki mbili kabla.

Swali lake si geni, na hapa Pwani limewahi kuulizwa kwa utaratibu mzuri. Wazee wengi wa Mombasa wanazikumbuka chekechea za madrasa zilizoanzishwa miaka ya 1980 kwa msaada wa Aga Khan Foundation, kazi aliyoiongoza Bi Swafiya Said. Mpango ule ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Jamii yenyewe ndiyo iliyounda kamati na kutoa mahali, walimu walikuwa akina dada wa mtaa waliopewa mafunzo, na vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vilivyopo, kama vifuu na vifuniko vya chupa. Watu waliupenda. Lakini kupendwa si kipimo.

Ndipo watafiti Mwaura, Sylva na Malmberg walipochukua watoto zaidi ya 400 wa Kenya, Zanzibar na Uganda, wa makundi matatu: waliosoma katika chekechea za mpango ule, waliosoma katika chekechea nyingine, na waliobaki nyumbani. Waliwapima mwanzoni, kisha wakawapima tena baada ya miezi 18. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008. Waliosoma chekechea ya aina yoyote waliwapita waliobaki nyumbani, na wale wa mpango wa madrasa walifanya vizuri zaidi kuliko wote.

Tuangalie kwa nini walijisumbua hivyo. Mtoto wa miaka minne hukua tu, hata asipofundishwa na mtu. Baada ya mwaka mmoja na nusu atahesabu zaidi na atasema zaidi. Ukimpima mwishoni peke yake, utajipa sifa ya kazi aliyoifanya Mwenyezi Mungu. Ukimpima mwanzo na mwisho, bado hujui sehemu gani ni yako, mpaka umtazame na mwenziwe wa nje. Hata hapo pana tahadhari, kwani watoto wale hawakugawanywa kwa kura. Huenda mzazi anayempeleka mwanawe chekechea ndiye yule yule anayekaa naye usiku na kumsimulia hadithi. Kuwapima mwanzoni kunapunguza shaka hiyo, lakini hakuiondoi yote. Mwaka 2011 watafiti haohao walionyesha pia kwamba ubora wa darasa lenyewe una uzito wake. Kwa hiyo kibao cha mlangoni hakitoshi; la kutazamwa ni yanayofanyika ndani.

Sisi hatuna watafiti wala fedha. Tulichoweza mwaka huu ni jambo dogo: tulichukua majina ambayo pembeni yake tuliandika "ameacha", tukaenda majumbani. Hatukuwahi kwenda hata siku moja kabla ya hapo, na tunakiri kwa aibu.

Baadhi walikuwa wamehama. Lakini katika nyumba moja tulimkuta mama anayelea watoto peke yake na kuuza mahamri asubuhi. Alimtoa mwanawe kwa sababu ya deni la ada, akaona haya kuja kutueleza. Tukamwambia upo mfuko wa zaka wa kuwalipia watoto kama wake. Akauliza, mlitangaza wapi? Tulitangaza msikitini, baada ya swala ya Ijumaa, kwa wanaume. Mfuko huo tumeusifu katika gazeti hili miaka mfululizo, na yule uliyewekewa hakuwahi kuusikia. Akaongeza kwamba hata darsa letu la kina mama linafanyika saa ambazo yeye yuko kwenye karai la mafuta. Sisi tulikuwa tukiandika kwamba kina mama wa mtaa wanahudhuria. Wanaohudhuria ni wale wenye nafasi.

Inshaallah tukifungua baada ya Idi, mwalimu atakaa na kila mtoto mpya kwa mchezo: ahesabu kete, atunge ushanga, asimulie hadithi. Ataandika alichokiona, na atarudia mwisho wa mwaka. Tutaiomba skuli ya msingi iliyo jirani ituruhusu kuwatazama wa darasa la kwanza, waliopita kwetu na wasiopita. Wengine katika kamati wanaogopa kwamba tofauti haitaonekana na wafadhili watatukimbia. Hofu hiyo tunaielewa. Hata hivyo tumekubaliana kwamba matokeo yatachapwa katika ukurasa huu huu, yawe yalivyo.

Majina ya walioacha pia yatafuatwa kila mwezi. Mwalimu akibisha hodi kwenu na daftari lake, tunaomba mumkaribishe, na akiuliza kwa nini mtoto hakuja, mwambieni ukweli, hata kama sababu ni sisi.