Pampu Ikikataa Kuzimika, Mlinzi Asisukumiwe Lawama

Katika maeneo mengi ya Kivu, wakimbizi wa ndani na jamaa zilizowapokea huteka maji kwenye bomba moja. Bomba linategemea pampu, na pampu inategemea kontakteri, kile kisanduku chenye vipande vya chuma vinavyogusana ili umeme upite. Vipande hivyo vikishikamana, mlinzi anabonyeza kizimio na pampu inaendelea kunguruma. Kisima kikikauka, inazunguka bila maji mpaka iungue. Hata rele ya kulinda joto haiokoi kitu, maana nayo huzima kupitia kontakteri ileile.

Kesho yake mabidoni yanapanga foleni bure, na mlinzi ndiye anatukanwa. Si haki.

Mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mara 5 hadi 8 kuliko kawaida yake. Wakati huohuo vipande vinagongana na kurukaruka kidogo, cheche inatoka, na madini ya fedha yaliyo juu yake, yanayoyeyuka kwenye digrii 960 hivi, yanaungana. Umeme ukiwa dhaifu ni vibaya zaidi: sumaku inakosa nguvu ya kubana, vipande vinatetemeka, cheche juu ya cheche.

Kosa kubwa liko kwa wanaonunua. Kontakteri moja huandikwa amperi mbili: za AC-1, kwa vyombo vya kupasha joto, na za AC-3, kwa mota. Za AC-1 ndizo kubwa. Muuzaji anaonyesha namba kubwa, kamati inafurahia bei, na mota inapewa kontakteri isiyoiweza.

Inafaa kuulizia pia vipande vya fedha iliyochanganywa na oksidi ya bati, maana havishikamani upesi. Bati lenyewe hutoka katika kasiterite, kama ile inayochimbwa Bisie, kule Walikale.

Mafundi nao waache kusugua vipande kwa tupa. Weusi si ubovu, na tupa inamaliza fedha. Pampu isiwashwe na kuzimwa mfululizo. Kukitokea shoti, swichi kubwa izimwe kwanza, kisha kontakteri ipimwe: ikiwa imeachia na kipimo bado kinalia kati ya kuingilia na kutokea, imeshikamana, itolewe. Kamati inayoomba pampu mpya kwa wafadhili ingeanza kwa kuweka kontakteri moja ya akiba, ya AC-3, kabatini.