Chagueni Fito Kabla ya Mbegu

Watoto, katika milima ya Kivu watu wengi hulima maharagwe marefu, yale yenye kupanda juu. Maharagwe mafupi hujisimamia yenyewe. Marefu hayawezi. Hutafuta kitu cha kushika, huzunguka, hupanda mpaka mita 2 au 3. Yakipata fito nzuri, yaani miti myembamba ya kupandia, huzaa mara mbili na zaidi kuliko mafupi katika shamba lile lile.

Lakini wakulima wengi huuliza habari za mbegu tu: ni nyekundu au nyeupe? Ni bei gani? Mambo ya fito huyaacha mpaka siku ya mwisho. Mimi nasema hivyo si vema. Mwenye kulima maharagwe marefu achague fito kwanza, mbegu baadaye.

Kwa sababu gani? Mmea mchanga ni mwepesi, hata tete huweza kuushika. Lakini ukiisha kujaa majani na maganda, mvua ikinyesha na upepo ukivuma, uzito ni mwingine. Ufito dhaifu huvunjika wakati chakula kinapokaribia. Maganda hulala katika matope na kuoza. Mbegu ilikuwa nzuri, jembe lilifanya kazi, mama alipalilia. Lakini kijiti kibaya kimepoteza yote.

Chomoeni ufito wa zamani, mtazame. Juu ni mzima. Umeoza pale unapoingia udongoni, kwa maana pale maji na hewa hukutana, na kuvu lenye kuozesha mti hupenda vyote viwili. Mchwa nao huanzia chini.

Basi tupime miti. Tete hudumu msimu mmoja. Mkalitusi mchanga umenyoka vizuri, lakini ndani karibu wote ni mweupe na laini, nao huoza upesi. Mwanzi una nguvu, lakini haukai sana katika udongo wenye maji. Mti uliokomaa, wenye kiini cheusi au chekundu, hudumu zaidi. Wengine huchoma ncha ya ufito kwa moto. Moto haugeuzi mti laini kuwa mgumu. Na ukiupasua, maji huingia katika ufa. Afadhali kuondoa maganda ya mti na kuukausha vizuri. Tena, baada ya mavuno, chomoeni fito zote, mzisafishe, mzianike juani, mziweke chini ya paa. Fito zilizoachwa shambani kunyeshewa bure huoza bila kufanya kazi. Lakini kama maharagwe yalikuwa na ugonjwa, fito zake ziwe kuni, zisirudi shambani.

Mtu atasema: «Mwitu uko karibu. Fito zikioza, tutakata nyingine.» Haya, tufanye hesabu. Hekta moja huhitaji fito kama 50.000. Basi kipande cha mita 10 kwa mita 10 huhitaji 500. Kwetu watu hupanda mara mbili kwa mwaka, Septemba na Februari. Fito za msimu mmoja zitakuwa 1.000 kila mwaka. Fito zenye kudumu misimu 4 zitakuwa 250 tu. Kijiji chenye nyumba 100, kila nyumba na kipande chake, kitakata fito 100.000 au 25.000. Fito 75.000 zitabaki mlimani kila mwaka. Mlima usio na miti hauzuii mvua; udongo wake mzuri hushuka mtoni, na njaa hupanda juu.

Tena mwitu ukiisha, mtoto huanza kuvizia miti ya jirani. Ufito wa wizi ni wizi, hata ukishika chakula cha nyumba yenu. Amri ya saba haikusema: isipokuwa fito.

Dawa ni kupanda. Pandeni kaliandra kwenye kingo za shamba, kwa kukata mteremko. Ukikatwa, mti huu huchipuka tena. Majani yake ni chakula cha mbuzi na sungura, mizizi yake hushika udongo. Mkalitusi upandwe mbali na bustani, kwa kuwa hunywa maji mengi. Na kwa ua wa kuzuia mbuzi, afadhali mnyaa: kipande chake kikichomekwa udongoni huota mizizi, na nguzo yenye uhai haiozi. Jihadharini tu na maziwa yake, yasiingie machoni, maana huumiza sana.

Mtoto wa darasa la nne hana nguvu ya kulima hekta, lakini anaweza kupanda miche 10 ya kaliandra kwenye ukingo wa shamba la baba yake. Akiitunza, baada ya mwaka mmoja au miwili ataanza kukata fito zake mwenyewe, bila kuomba na bila kuiba. Mbegu nzuri watu huinunua sokoni kwa siku moja. Ufito mzuri huhitaji mtu aliyefikiri mapema.

Maulizo
1. Ufito huanza kuoza mahali gani? Kwa sababu gani?
2. Kipande cha mita 20 kwa mita 10 huhitaji fito ngapi?
3. Kwenu mnatumia fito za mti gani? Hudumu misimu mingapi?